Kudesa, kukraki na kuazimana nywila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanafunzi na maadili ya kompyuta

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa vyuo, wazazi wao, na mara nyingine wahadhiri wenzangu tukiwa kwenye foleni ya chai. Anayejibu anafundisha somo la kompyuta kwa mwaka wa kwanza Tanzania, kwa hiyo mifano mingi ni ya hapa. Kenya na kwingineko vimeingia pale vinapohusika. Maneno ya vijana nimeyaacha yalivyo: kudesa ni kunakili kazi ya mwingine, na kukraki ni kuvunja kufuli la programu ili itumike bila kulipiwa.

Maadili ya kompyuta ni nini? Si ni sheria za mtandao tu?

Hapana. Sheria huja baadaye, na mara nyingi huja imechelewa. Mwaka 1985 mwanafalsafa wa Marekani, James Moor, alieleza kwamba kompyuta inawapa watu uwezo wa kufanya mambo ambayo hayakuwahi kufanyika, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuyawekea kanuni. Mwanafunzi anaishi ndani ya pengo hilo. Mwaka uliofuata Richard Mason aliyagawa maswali ya eneo hili katika mafungu manne ambayo walimu tunayatumia mpaka leo: faragha, usahihi wa taarifa, umiliki, na nani ana haki ya kufikia nini.

Kuna pia zile amri 10 zilizotolewa mwaka 1992 na Computer Ethics Institute ya Marekani. Wanafunzi huzikariri usiku wa kuamkia mtihani, na ikifika saa ya chakula cha mchana zimeshawatoka. Sizilaumu amri zenyewe. Shida ni kwamba zinamkataza mtu kuiba, jambo ambalo alishaambiwa madrasa au shule ya Jumapili kabla hajaota meno ya pili.

Kwa nini mwanafunzi asiyeweza kugusa simu ya mwenzake haoni tabu kutumia programu ya wizi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na mengine humu yanazunguka hapohapo.

Mtu akisahau simu darasani, haipiti muda tangazo liko kwenye grupu la darasa na mwenyewe anaitwa kuja kuichukua. Aliyeiokota na kuirudisha ana laptopu yenye Windows isiyolipiwa, Office iliyokrakiwa na folda ya vitabu vya PDF ambavyo hakununua hata kimoja. Hajioni mwizi. Ukimwita mwizi ataona umemwonea, na wenzake watamtetea.

Msikilize anavyojieleza. Programu ukiinakili, mwenyewe bado anayo. Kampuni iko ng'ambo na ni tajiri. Kila mtu anafanya. Boom, yaani mkopo wa kujikimu wa mwanafunzi, likiingia linagawanywa kwenye chakula, chumba na ada ya mdogo wake nyumbani, hivyo leseni ya programu haina nafasi. Hakuna hata sababu moja hapo inayosema kuiba ni kuzuri. Zote zinasema: huku si kuiba. Mwanasaikolojia Albert Bandura alitumia miaka mingi akichunguza njia ambazo watu wema hutumia kuizungusha dhamiri yao bila kuitupa: kulipatia tendo jina jepesi, kupunguza madhara, kugawana lawama na kundi zima. Mwanafunzi wa chuo hazijui nadharia hizo lakini anazitumia zote kabla ya saa nne asubuhi.

Ninavyoona mimi, vijana hawa wana maadili ya kutosha, ila maadili hayo yalilelewa mbele ya watu wenye sura. Jirani, mwenye duka, mama ntilie anayekukopesha wali. Kompyuta inamwondoa mtu upande wa pili, na maadili yanabaki bila pa kushika.

Tafiti za mitazamo ya wanafunzi hupimaje jambo hili? Mtu si atajisifu tu?

Atajisifu, ndiyo. Njia ya kawaida ni dodoso lenye visa vifupi: fulani amekuta akaunti ya mwenzake imeachwa wazi kwenye maabara, akasoma barua pepe zake, fulani amenakili programu ya chuo akaipeleka nyumbani. Mjibu anachagua kutoka "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Dodoso zuri huuliza kila kisa mara mbili: wewe ungefanya, na wenzako wangefanya? Majibu ya swali la pili ndiyo ya kusoma kwa makini, maana mtu anapowasema wenzake ulimi hulegea.

Ukitaka kuandika utafiti wa aina hii, acha maneno kama "uharamia" kwenye dodoso lako. Andika "kupewa Office na rafiki kwenye fleshi" uone majibu yanavyobadilika.

Ni kweli wasichana wana msimamo mkali zaidi kuliko wavulana?

Tafiti nyingi za nje zimekuta hivyo, si zote. Nisingejengea sera ya chuo juu ya tofauti hiyo.

Nahitaji SPSS, ile programu ya takwimu, kwa ajili ya utafiti wangu na sina hela. Kukraki ni kosa kweli?

Kisheria ni kosa, Tanzania na Kenya pia, kwa kuwa programu ya kompyuta inalindwa na hakimiliki kama kitabu. Kimaadili, nakubali kwamba hoja ya bei ina uzito. Leseni hulipiwa kwa dola, na wewe unapokea shilingi.

Lakini hebu tuangalie hiyo krakia yenyewe. Unapewa fleshi yenye folda, ndani kuna faili la maelezo, na mstari wake wa kwanza unakuambia uzime antivirus kabla ya kuendelea. Soma tena mstari huo. Mtu usiyemjua, aliyefungua kufuli la mtu mwingine, anakuomba uondoe mlinzi wa nyumba yako ili apite. Wanafunzi wengi wanatii. Wiki tatu baadaye fleshi zote za chumba kile zina njia za mkato badala ya mafaili, na kuna mmoja anatembea na laptopu akiuliza nani anajua kurudisha ripoti iliyopotea.

Halafu wengi wenu hamuihitaji SPSS. Majedwali ya asilimia, kai-skweya na regresheni ya kawaida vinafanywa na PSPP, jamovi, JASP au R, na zote ni bure kihalali. Anayesoma mipango miji au jiografia ana QGIS. Anayehangaika na marejeo ana Zotero. Kwa majarida, muulize mkutubi kama chuo chenu kimesajiliwa Research4Life, mpango unaofungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bure au kwa bei ndogo. Mara nyingi chuo kimesajiliwa, nywila iko kwenye droo ya mkutubi, na hakuna aliyekwenda kuiomba. Msimamizi wako akisisitiza SPSS, muulize kwa heshima kama chuo kina leseni yake. Jibu lake litakufundisha mengi.

Na wahadhiri je? Mbona wanatufundisha wasichokifanya?

Mko sahihi. Nimekaa kwenye mihadhara ya hakimiliki ambako projekta ilionyesha, pembeni kulia chini, yale maandishi ya kijivu yanayodai Windows ithibitishwe. Darasa zima liliyaona, na hakuna aliyesema kitu. Somo la siku ile lilifundishwa na maandishi yale, na mwanafunzi aliyeyaona ameelewa kanuni halisi ya chuo kuliko iliyomo kwenye kitabu cha mwongozo.

Kwa hiyo mhadhiri anayetaka kubadili mitazamo aanze na laptopu yake. Sitaongeza neno hapo.

Kuchukua "sampo" steshenari ni kudesa au ni kujifunza?

Inategemea unaifanyia nini, ingawa tukisema ukweli wote tunajua inafanyiwa nini.

Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na geti la chuo msimu wa ripoti. Kwenye kompyuta ya dada anayechapa kuna folda imeandikwa RESEARCH ZOTE. Ndani imepangwa kwa mwaka na kwa kozi: ripoti za watu waliokuja kuchapa na kujalidi, nakala zikabaki, wenyewe wakaondoka bila habari. Anayetaka sampo anasogea kaunta, anasema "dada, nisaidie moja ya maendeleo ya jamii", analipa kidogo, anahamishiwa. Kisha anabadili wilaya: Kinondoni inakuwa Ilemela. Ukurasa mmoja husahaulika, na hapo ndipo utakuta mhojiwa wa Ilemela anakwenda kununua mboga sokoni Tandale.

Sisi wasahihishaji tunacheka, lakini tazama walioumia. Yuko aliyeandika ripoti ile kwa jasho lake, naye sasa anaweza hata kushukiwa kwamba ndiye aliyenakili. Wako pia wahojiwa. Viambatisho vya ripoti nyingi vina majina, namba za simu na maelezo ya kipato au afya ya watu waliokubali kuzungumza na mwanafunzi mmoja, mara moja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya 2019, na haikai kabatini: mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Ukienda kuchapa, peleka PDF, simama pale, na kabla hujalipa mwombe dada afute nakala. Hatachukia. Ondoa majina ya wahojiwa kabla hata ya kutoka chumbani.

Kuwaandikia wanafunzi wa nje kazi zao ni kosa? Kozi ile siisomi mimi.

Swali hili hutoka zaidi Kenya, ambako kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha imekuwa ajira ya vijana wengi wenye digrii. Wao wenyewe huiita kazi ya mtandaoni, kama kazi nyingine yoyote. Australia ilipiga marufuku biashara ya kuuza huduma hiyo mwaka 2020, na Uingereza ikaifuata kwa upande wa England mwaka 2022. Sheria hizo zinamlenga mtoa huduma. Mwanafunzi aliyenunua hukutana na adhabu za chuo chake.

Kinachonivutia ni hoja ya waandishi wenyewe. Wanasema: nimesoma, nimekosa kazi, huyu ana hela na hana muda, nimemdhuru nani? Ukimuuliza kama angependa nesi atakayemhudumia mama yake awe amepita chuo kwa insha za kununua, anakaa kimya kidogo. Ghafla kuna mtu upande wa pili. Lakini nisiwe mwepesi: kodi ya nyumba ya kijana huyo nayo ina mwenye nyumba anayegonga mlango, na hilo haliondolewi na semina ya maadili.

Je, kutumia ChatGPT kwenye asaimenti ni udanganyifu?

ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na vyuo vingi bado vinaandika sera. Ni pengo lilelile la Moor, safari hii na vyama vya wanafunzi vinavyojua kutuma barua ya malalamiko.

Kwetu kuna jambo ambalo sera zilizonakiliwa kutoka nje hazilioni. Mwanafunzi wa Tanzania amefikiri kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Anafika chuo, anatakiwa kuandika kwa Kiingereza. Hoja anayo, sentensi ndizo zinazomgomea. Akiandika mwenyewe hoja yake, kisha akaiambia programu ya akili mnemba irekebishe sarufi, amefanya kitu tofauti sana na aliyebandika swali lote na kukabidhi jibu akiwa hajalisoma. Ukiwaweka wote kwenye kapu moja la "udanganyifu", wa kwanza ataona hakuna faida ya kujitahidi.

Kipimo ninachowapa darasani ni cha mdomo. Kazi uliyokabidhi, unaweza kusimama ukaieleza kwa Kiswahili kwa dakika tano, bila karatasi? Ukiweza, mengi yanasameheka. Usipoweza, kilichokabidhiwa si chako, hata kama kila koma uliiweka wewe. Na kama sera ya chuo au ya mhadhiri imekataza kabisa, imekataza. Kipimo changu hakitakuokoa mbele ya kamati.

Mashine za kugundua maandishi ya akili mnemba zinaaminika?

Siziamini kiasi cha kumdiskoisha mtu, yaani kumfukuza chuo. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT yenyewe, ilitoa chombo cha kugundua mwanzoni mwa 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walivipa vyombo saba insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine, ilhali ziliandikwa na binadamu. Insha yenye maneno machache ya kawaida na sentensi zilizonyooka huonekana "ya mashine". Sasa jiulize nani huandika Kiingereza cha namna hiyo hapa kwetu.

Asilimia ya Turnitin, programu ya vyuo ya kukagua kazi zilizonakiliwa, nayo si asilimia ya wizi. Ni kiasi cha maneno yanayofanana na yaliyopo kwenye hazina yake, yakiwemo marejeo, nukuu na jina la chuo chako. Ripoti yenye asilimia 22 inaweza kuwa safi, na yenye 8 ikawa imeibwa aya nzima.

Ukishtakiwa kimakosa, kinga yako ni rasimu. Hifadhi matoleo ya kazi yako kwa tarehe, hata yale mabaya. Hasa yale mabaya.

Bando limeisha, nimempa CR (mwakilishi wa darasa) nywila yangu anisajilie kozi. Kuna ubaya?

Upo, ingawa umefanya kwa kumwamini, na kuaminiana si dhambi. Tatizo ni kwamba mfumo haujui kuaminiana. Unajua tu kwamba saa fulani, wewe ulifanya jambo fulani. CR mwenye daftari la nywila za watu arobaini hana nia mbaya, lakini daftari likipotea kwenye daladala wote arobaini mko kwenye daladala hiyo. Kozi ikifutwa, akaunti ya benki ya boom ikibadilishwa, mtaulizwa ninyi.

Badilisha nywila leo. Mwombe CR akushirikishe intaneti ya simu yake kwa dakika kumi, ujisajili mwenyewe. Ni msaada uleule.

Nimegundua mfumo wa matokeo wa chuo una tundu. Nikiingia kuangalia tu, bila kubadili kitu?

Usiingie. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, na faini yake inaanzia shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kenya, chini ya sheria ya 2018, ni hadi shilingi milioni 5 za huko au miaka 3. Kwamba ulikuwa unaangalia tu hakufuti kosa.

Wapo wanafunzi wawili wa kuwafikiria hapa. Robert Tappan Morris, wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu yake kwenye intaneti tarehe 2 Novemba 1988. Kosa kwenye msimbo likaifanya ijizalishe kupita kiasi, na maelfu ya kompyuta yakalemewa. Alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini ya zaidi ya dola 10,000. Baadaye akawa profesa MIT. Wa pili ni Onel de Guzman wa Ufilipino. Alipeleka chuoni pendekezo la tasnifu: programu ya kuiba nywila ili wasio na hela wapate intaneti. Walimu wakalikataa. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea dunia nzima, na miaka 20 baadaye alikiri kuwa ni chake. Hakufungwa, kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ilitungwa baada ya tukio. Nikimtaja darasani, nusu ya darasa huwa upande wake mpaka waulize kirusi kilifanya nini. Kilifuta na kuharibu picha na mafaili ya watu wa kawaida kabisa.

Tundu uliloliona, liandike kwa kifupi, mpelekee mkuu wa kitengo cha TEHAMA kwa barua pepe na ubaki na nakala. Usimwonyeshe mtu "jinsi inavyofanya kazi".

Kwenye grupu wanaombana "konekisheni", yaani video za faragha za watu zilizovuja. Mimi sikurekodi, nimepokea tu. Nahusika?

Hapa ile hoja yangu ya sura inaingia majaribuni, kwa sababu video ina sura, tena ya mtu anayejulikana hosteli ipi. Na bado inasambaa. Nadhani kila anayeituma anajiona wa mia moja: imeshaenea, mimi nitaongeza nini? Dada aliyemo kwenye video hamhesabu hivyo. Kila simu mpya ni mtu mpya ambaye kesho atakutana naye mgahawani.

Kisheria, kutuma ni kusambaza, uwe wa kwanza au wa mia. Sheria ya Tanzania ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya kinawalenga moja kwa moja wanaosambaza picha za faragha za watu. Usitume, futa, na kama una nafasi ya kiongozi kwenye grupu, ondoa ujumbe. Ukimjua mwathirika, mwambie faraghani kwamba ipo, ili ajue mapema na aamue kwenda polisi akiwa na ushahidi.

Kufundisha somo la maadili kunabadilisha kitu?

Mihadhara ya kusomeana vifungu, kidogo sana. Ninachokiona kikifanya kazi ni kumrudisha mtu upande wa pili wa skrini: kumleta mwandishi wa kitabu anayekutana na PDF yake kila steshenari, au programa kijana wa Mwanza aliyetengeneza mfumo wa duka na kuukuta umenakiliwa Kariakoo. Darasa lililokuwa linacheka kuhusu Microsoft linanyamaza likiona aliyeibiwa ni kaka wa mtu.

Laptopu yangu yote ni ya kukraki. Nianzie wapi?

Anza na mafaili yako, si programu. Nakili kazi zako kwenye fleshi iliyochunguzwa na antivirus, na nakala nyingine mtandaoni. Kisha sakinisha LibreOffice ukiwa bado na Office, ufungue ripoti yako ndefu kuliko zote. Angalia majedwali, namba za kurasa na orodha ya yaliyomo. Hivyo ndivyo huhamahama. Rekebisha, hifadhi kwa docx, mtumie rafiki aifungue kwenye Word aone kama imekaa sawa. Ukiridhika, ondoa krakia na usafishe mashine. Usifanye haya yote wiki ya kukabidhi ripoti.